MCHANGA WENYE LAMI NA UZITO WA NJIA

Miongoni mwa nchi za Bahari ya Hindi imo Madagaska. Upande wa magharibi wa kisiwa hicho kikubwa, karibu na mji mdogo wa Morafenobe, iko sehemu iitwayo Bemolanga. Ardhi ya huko ina mchanga mweusi, mzito, wenye kunata na kunuka lami. Lami hiyo haikutoka kiwandani wala haikuletwa na meli. Ni lami ya asili, iliyojipenyeza katikati ya chembe za mchanga zama za kale, kabla mwanadamu hajakanyaga kisiwa hicho. Habari zake zilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Wafaransa wakiwa watawala. Wakapima, wakaandika, wakaondoka. Madagaska ikapata uhuru wake tarehe 26 Juni 1960, na mchanga ule ukabaki pale pale.

Lakini mkoa wa Melaky, ambamo mali hiyo imelala, ni mmoja wa mikoa migumu kufikika katika kisiwa kizima. Masika yakiingia, njia za udongo hugeuka matope, mito hufurika, na magari hukaa siku nyingi yakingoja maji yapungue. Wananchi wanaoishi juu ya akiba kubwa ya lami husafiri katika tope. Wahenga walisema: penye miti hapana wajenzi. Je, ni kweli kwamba hapa walikosekana wajenzi tu? Au liko jambo jingine katika mchanga wenyewe, ambalo mtu hulitambua pale tu anapoanza kuupakia katika lori?

Swali hili lawahusu askari wa jeshi na wa polisi kuliko linavyowahusu wengi. Mwaka 1942, katika Vita Kuu ya Pili, askari wa nchi zetu waliijua barabara ya Madagaska kwa miguu yao. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya King's African Rifles vilivyoandikishwa Kenya, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka katika bandari ya Majunga mwezi Septemba na kushika njia ya kwenda mji mkuu. Adui yao, yaani majeshi ya Kifaransa yaliyoitii serikali ya Vichy, hakupigana sana kwa mizinga. Alipigana kwa kuiharibu njia. Alikata miti akailaza barabarani, akajenga kuta za mawe na kuangusha madaraja. Tarehe 23 Septemba Antananarivo ilitekwa, na mwanzoni mwa Novemba mapigano yakasimamishwa. Kila aliyekuwamo katika safari ile alijifunza kwamba jeshi huenda kwa mwendo wa barabara yake, wala si kwa mwendo wa hamu ya kamanda wake.

Basi leo tutazame historia ya kujenga barabara kwa mchanga wa lami. Huko Bemolanga kazi hiyo haijafanyika kwa kiasi cha kutufundisha. Kwa hiyo hatuna budi kwenda mbali kidogo, hadi Kanada na jirani yake Marekani, ambako jaribio lilifanywa, likaandikwa, na matokeo yake yakaonekana kwa muda wa miaka mia.

Kwanza tuielewe mali yenyewe. Katika bonde la mto Athabasca, kaskazini mwa jimbo la Alberta nchini Kanada, mchanga wa lami huwa na lami kiasi cha asilimia 10 hadi 12 hivi kwa uzito. Mahali pengine huzidi, mahali pengine hupungua. Sehemu iliyobaki ni mchanga, udongo na maji. Barabara ya lami ya kawaida, kwa upande wake, huhitaji lami asilimia 5 au 6 tu. Iliyobaki ni kokoto za ukubwa mbalimbali, mchanga na unga wa mawe. Mtu akisikia hesabu hiyo atadhani kwamba Mwenyezi Mungu amekwisha kuichanganya barabara, na kwamba iliyosalia ni kazi ya kuchimba, kutandaza na kushindilia.

Mambo hayaendi hivyo. Mchanga huo ni laini na chembe zake zalingana mno. Haumo ndani yake kokoto la kubeba uzito wa gurudumu. Lami yake nayo ni nyepesi kupita kiasi, kwa kuwa ina maji na mafuta mepesi yasiyokwisha kuondoka. Ukitandazwa ulivyo, jua likiwaka hulainika, na malori mazito huchora mifereji juu yake. Kwa hiyo fundi hulazimika kuupasha moto hadi maji na mafuta mepesi yatoke, kisha achanganye kokoto zilizovunjwa, ndipo atandaze. Yote hayo yawezekana, na yamefanywa. Ugumu mkubwa hauko katika ufundi huo. Uko katika mizani.

Wanyeji wa kwanza wa bonde la Athabasca, watu wa makabila ya Cree na Dene, waliijua mali hiyo karne nyingi zilizopita. Waliichukua lami iliyochuruzika katika kingo za mto, wakaichanganya na utomvu wa miti, wakazibia nyufa za mitumbwi yao. Mafundi wetu wa majahazi, wanaoijua kazi ya kukalafati, wataelewa mara moja. Mwaka 1719 mtu wa Cree aliyeitwa Wa-Pa-Su alipeleka kipande cha mchanga huo katika kituo cha biashara cha Waingereza kwenye Ghuba ya Hudson. Mwishoni mwa karne hiyo Alexander Mackenzie alipita na kuandika habari za chemchemi za lami kando ya mto. Yafaa kukumbuka kwamba wenyeji wale waliitumia lami pale pale ilipotoka, na kwa kiasi kidogo. Hawakuihamisha, na kwa hiyo haikuwaelemea.

Mwanzoni mwa karne ya 20 hali ilibadilika. Motokaa zilianza kuenea, nazo nchi tambarare za Alberta na majirani zake zina udongo wa mfinyanzi, ambao mvua ikinyesha hugeuka ulimbo. Miji ilihitaji lami. Lami ya kutoka mbali ilikuwa ghali. Hapo serikali ya Kanada ikamtuma mhandisi wa idara yake ya madini, Sidney Ells, akachunguze mchanga wa Athabasca. Mwaka 1913 alishuka mto kutoka Athabasca Landing hadi Fort McMurray, mwendo wa kilometa 400 hivi kwa maji. Kushuka kulikuwa hatari kwa sababu ya maporomoko, lakini kurudi ndiko kulikokuwa adhabu. Mashua iliyopakiwa sampuli ilikokotwa kwa kamba na watu waliotembea kandokando ya mto, katika matope, maji ya baridi na mbu, siku baada ya siku.

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na lilitolewa kabla hata mita moja ya barabara haijatandazwa. Sampuli chache tu ziligharimu jasho la namna ile. Je, barabara nzima ingegharimu nini?

Ells hakurudi nyuma. Katika kipupwe cha 1914 hadi 1915 alipanga mchanga wa lami usafirishwe juu ya mto ulioganda, katika magari ya kuteleza yaliyokokotwa na farasi. Baridi ilikuwa kali kiasi kisichoelezeka kwa mtu wa pwani yetu. Makumi ya tani yalifika relini, kisha yakafika Edmonton, mji mkuu wa jimbo. Mwaka 1915 kipande cha mtaa mmoja wa mji huo kilitandazwa kwa mchanga huo, katika sehemu zilizochanganywa kwa namna tofauti ili zilinganishwe. Matokeo yalikuwa mazuri. Barabara ilishika, ikastahimili baridi na magari, ikadumu miaka mingi. Mtu aliyetaka kuthibitisha kwamba mchanga wa lami wafaa kujengea barabara alikuwa na ushahidi chini ya viatu vyake.

Hata hivyo, mji wa Edmonton haukuendelea kutandaza mitaa yake kwa mchanga wa Athabasca. Kwa nini kazi iliyofaulu isiendelee? Hapa ndipo mizani inapoingia, na ningependa tufanye hesabu kama anavyoifanya ofisa ugavi wa kikosi.

Tuchukue kilometa moja ya barabara yenye upana wa mita 6, na tabaka la lami lenye unene wa sentimita 5. Mchanganyiko unaohitajika una ujazo wa mita 300 za mraba wa tatu, na uzito wake waweza kufika tani 690. Ikiwa asilimia 6 ni lami, basi lami peke yake ni tani 41 na ushei. Kamanda mwenye malori ya tani 10 ataleta lami safi kwa malori 5, na mchanga na kokoto atazitafuta karibu na kazi. Lakini akiamua kuleta lami hiyo ikiwa bado ndani ya mchanga, wenye asilimia 12 ya lami, atahitaji kusafirisha tani 345, yaani malori 35. Ikiwa mchanga ni hafifu, wenye nusu ya lami hiyo, malori yatakuwa 69, na hapo barabara nzima itakuwa imesafirishwa kutoka mgodini. Katika kila lori, mzigo mkubwa ni mchanga, kitu ambacho kinapatikana takriban kila mahali duniani.

Wahenga wetu wana neno: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanaosifu utajiri wa ardhi mara nyingi si wao wanaoubeba. Mbebaji huujua uzito wake.

Ells alijaribu tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 reli ilikuwa imekaribia Fort McMurray, na matumaini yakafufuka. Mwaka 1926 na 1927 mchanga wa lami ulisafirishwa kwa treni, mwendo wa zaidi ya kilometa 700, hadi katika hifadhi ya taifa ya Jasper, ukatumika kutandaza barabara za huko. Kwa mara ya pili barabara ilifaa, na kwa mara ya pili gharama ya njia ikashinda sifa za mali.

Mwanasayansi mwingine, Karl Clark, aliingia katika suala hili naye akianzia kwenye barabara. Alitaka kuzuia maji yasipenye katika barabara za udongo za nchi tambarare. Lakini yeye aliona kwamba njia ya kuushinda uzito ni kuutenga mchanga na lami huko huko mgodini, ili lami isafiri peke yake. Katika mchanga wa Athabasca kila chembe imezungukwa na utando mwembamba wa maji, na lami iko nje ya utando huo. Clark akatumia maji ya moto na dawa kidogo. Lami ikajitenga, ikaelea juu kama povu, na mchanga ukazama. Mwaka 1929 alipata hataza ya njia hiyo. Kwa hakika huo ndio ufunguo uliofungua ghala la Athabasca, ila mlango uliofunguka haukuwa ule wa barabara.

Maana lami ikisha kutengwa, wenye mitaji huuliza: kwa nini tuitandaze chini, iwapo yaweza kugeuzwa petroli? Tarehe 30 Septemba 1967 kiwanda kikubwa cha Great Canadian Oil Sands kilifunguliwa, na tangu hapo mchanga wa Athabasca umekuwa chimbuko la mafuta kwa mamilioni ya mapipa. Umeacha pia mabwawa makubwa ya maji machafu ambayo wakazi wa bonde hilo wanaendelea kuyalalamikia. Barabara, iliyokuwa sababu ya kwanza ya utafiti, ikawa jambo la pembeni.

Kabla ya kuondoka Kanada, tutaje kisa kimoja cha kijeshi. Mwezi Desemba 1941 Japani iliishambulia Pearl Harbor, na mwezi Juni 1942 majeshi yake yakashika visiwa viwili vya Aleutian, karibu na Alaska. Marekani ikaona kwamba Alaska haina barabara wala mafuta ya kutosha. Katika mwaka huo mmoja wanajeshi wake zaidi ya 10,000, ambao theluthi moja hivi walikuwa askari Weusi waliotengwa katika vikosi vyao wenyewe, walifungua barabara ya Alaska yenye urefu wa zaidi ya kilometa 2,400 kupita misituni na matopeni. Ilikuwa barabara ya udongo na changarawe.

Wakati huo huo vikosi vingine vilitumwa kujenga bomba la mafuta, katika mpango ulioitwa Canol, kutoka visima vya Norman Wells hadi Whitehorse. Vifaa vyao vililetwa kwa reli hadi jirani na Fort McMurray, vikapakiwa katika mashua, vikateremshwa kwa mto Athabasca kuelekea kaskazini. Askari wale walipiga kambi na kupita katikati ya mojawapo ya akiba kubwa kabisa za lami duniani, wakielekea mbali zaidi kutafuta mafuta. Makamanda wao hawakuwa wajinga. Vita havingoji majaribio. Kiwanda kidogo cha Abasand, kilichokuwa kikitenga lami karibu na hapo, kiliungua mwaka 1941. Serikali ikakichukua mwaka 1943, kikaungua tena mwaka 1945. Mafuta ya Norman Wells yalikuwa mbali, lakini yalitiririka katika bomba. Lami ya Athabasca ilikuwa karibu, lakini ilishikamana na mchanga wake. Kiwanda cha Whitehorse nacho kilifungwa mwaka 1945, baada ya kufanya kazi mwaka mmoja hivi, kwa sababu mafuta yake yalikuwa ghali kuliko yale yaliyoletwa kwa meli.

Sasa tuvuke mpaka tuingie kwa jirani wa Kanada. Marekani nayo ina mchanga na miamba yenye lami, na historia yake ina mafunzo ya namna mbili.

Katika jimbo la Kentucky, wilaya ya Edmonson, kampuni moja ilichimba jiwe la mchanga lenye lami tangu miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Kwanza. Jiwe hilo lilisagwa, likatandazwa hata bila kupashwa moto, na chembe zake kali zilisifiwa kwa kuzuia magurudumu yasiteleze wakati wa mvua. Mji mzima, ulioitwa Kyrock, uliota kando ya machimbo. Siri ya kufaulu kwake ilikuwa maji: mzigo uliteremshwa kwa matishari katika mito, kisha ukapanda treni. Miji ya majimbo mengi iliutumia. Mwaka 1957 kazi ikakoma. Lami ya viwanda vya kusafishia mafuta, iliyokwisha kuipita lami ya asili kwa wingi nchini Marekani tangu mwaka 1907, ilikuwa imeenea kila mahali kwa bei ambayo jiwe la Kentucky halikuweza kuifikia. Mji wa Kyrock ukahamwa.

Funzo la pili liko Utah, karibu na mji wa Vernal, katika wilaya ya Uintah. Hapo pana kilima kirefu kiitwacho Asphalt Ridge. Mchanga wake una tabia tofauti na ule wa Athabasca: lami imeishika chembe moja kwa moja, bila utando wa maji katikati, kwa hiyo njia ya maji ya moto haiifai vyema. Waliotaka kupata petroli walihangaika nao kwa miaka mingi. Lakini serikali ya mahali hapo haikutaka petroli. Ilitaka barabara zipitike. Ikauchimba mchanga wa kilima kilichoko jirani, ikautandaza katika mitaa ya mji na barabara za wilaya, na desturi hiyo iliyoanza katika miaka ya 1920 imedumu kwa vizazi. Hakuna aliyejaribu kuupeleka mchanga wa Vernal kutandaza New York. Umetumika pale ambapo lori laweza kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku moja.

Huenda msikilizaji atauliza: mbona lami ya asili ya Trinidad ilisafiri bahari nzima? Ni kweli. Mwaka 1876 barabara maarufu ya Pennsylvania mjini Washington ilitandazwa kwa lami iliyotoka katika ziwa la lami la kisiwa hicho. Lakini lami ya Trinidad si mchanga wa lami. Ikisha kusafishwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni lami, na ziwa lenyewe liko karibu na pwani, ambako meli zapakia. Mzigo wake ulikuwa na thamani ya kulipia nauli yake, nayo njia yake ilikuwa bahari, ambayo haihitaji kujengwa.

Ndugu wasikilizaji,

Kwa mwanga huo tuirudie Bemolanga. Mwaka 2008 kampuni ya Total ya Ufaransa ilichukua asilimia 60 ya hisa katika eneo hilo, kwa nia ya kuchimba mchanga na kutoa mafuta. Mwaka 2011 ikaacha mpango wa kuchimba. Mchanga wa Bemolanga una lami kidogo kuliko wa Athabasca, nao uko katika sehemu isiyo na barabara nzuri, reli wala bandari kubwa. Mtu aweza kusikitika na kusema kwamba mali imelala bure. Lakini historia tuliyoipitia yatuambia kwamba mali ya namna hiyo hupimwa kwa urefu wa njia kutoka shimoni hadi mahali inapohitajika, na kwa hali ya njia hiyo, kabla ya kupimwa kwa wingi wake ardhini.

Suala hili si la Madagaska peke yake. Angola ina miamba ya lami katika sehemu za pwani yake, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inayo mchanga wa lami katika Kongo ya Chini, upande wa Atlantiki. Kutoka huko hadi Bukavu au Kalemie, miji ya mashariki iliyo jirani zetu, ni nchi nzima ya kuvuka. Mchanga wa lami wa Kongo ya Chini waweza kufaa barabara za Kongo ya Chini. Hauwezi kuwaondoa matopeni watu wa Kivu. Wala sisi wenyewe hatuko nje ya hesabu hiyo. Viwanda vya kusafishia mafuta vya Dar es Salaam na Mombasa, vilivyofunguliwa katika miaka ya 1960, vilikwisha kusimamisha kazi hiyo, na lami ya barabara zetu huja kwa meli kutoka nchi za nje. Kwa hiyo neno lolote juu ya lami iliyoko ardhini mwa Afrika husikika tamu masikioni, na utamu huo ndio unaopasa kutiwa katika mizani.

Wako watakaosema kwamba nchi changa haina budi kutumia chake hata kama ni ghali, kuliko kununua cha wengine. Hoja hiyo ina heshima yake. Kujitegemea ni jambo jema. Lakini kujitegemea ni kupima, wala si kujifurahisha kwa ukubwa wa akiba. Malori 35 badala ya 5 ni dizeli, matairi na vipuri vya malori 30 zaidi, navyo vyote hununuliwa nje kwa fedha za kigeni. Nchi inayoacha kununua lami tani 41 ili inunue dizeli ya kubebea tani 345 haijajitegemea. Imebadili jina la deni lake tu.

Njia iliyo sawa ni ile ya Vernal, nayo kwa maana fulani ni ile ya watu wa Cree na mitumbwi yao: mali itumike kwanza pale ilipo. Kama wananchi wa Morafenobe watapata siku moja kuutumia mchanga wao, basi na uanze kwa kutandazwa katika barabara zinazouzunguka, ukichanganywa na kokoto, ukipashwa moto ipasavyo, na kupimwa kipande kwa kipande kama Ells alivyofanya Edmonton mwaka 1915. Kilometa chache zinazopitika masika, kutoka mjini hadi zahanati, hadi sokoni na hadi kituo cha polisi, ni faida ya kweli kuliko akiba ya mapipa yasiyofikika. Na kila kilometa inayojengwa huikaribisha ile inayofuata, kwa kuwa lori hupita juu ya kazi ya jana.

Askari hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Doria inayokwama mtoni haiokoi kijiji kilichovamiwa na wezi wa ng'ombe. Gari la wagonjwa linalongoja maji yapungue hufika likiwa limechelewa. Wale askari wa Afrika Mashariki waliotoka Majunga mwaka 1942 waliondoa miti na mawe barabarani, kizuizi kimoja baada ya kingine, na ndivyo walivyofika Antananarivo. Barabara ya mchanga wa lami nayo haifiki kwa njia nyingine: huanzia mlangoni pa machimbo, ikaenda mbele kadiri lori liwezavyo kubeba.